Swali Namba Saba

Donat aliondoka kwenye meza yangu ya vitenge, soko la Birere hapa Goma, siku ya Alhamisi saa nne na dakika kumi asubuhi. Mkononi alikuwa na antena aliyoitengeneza mwenyewe, na kwenye mkono wa kushoto alikuwa amevaa saa yangu. Sijamwona tena.

Naandika kwa sababu watu wameanza kuisimulia siku hiyo kila mmoja kwa namna yake. Wengine wanasema alijiunga na kundi la msituni. Wengine wanasema alivuka mpaka na sasa anauza simu mji mwingine. Jirani mmoja hapa mtaani kwetu Katoyi alimwambia mama yangu, tena mlangoni mwa kanisa, kwamba vijana wa sasa hawana tabia ya kuaga. Mimi, Apolline, ni dada yake mkubwa. Nilimaliza sekondari, kwa hiyo siku moja tu naweza kuiandika jinsi ilivyokuwa.

Donat alikuwa na miaka kumi na nane, mwaka wa mwisho wa sekondari. Shule yake ilikuwa imepata kitu ambacho hakuna shule nyingine ya mtaa wetu iliyowahi kukipata: dakika kumi za kuongea kwa redio na watu walio ndani ya chombo cha anga, kile kinachoizunguka dunia mchana na usiku bila kutua. Mwalimu wao wa fizikia, Julien, ndiye aliyeandika barua mwaka mzima mpaka wakakubaliwa. Yeye ni mtu wa redio. Huongea na watu wa nchi za mbali kwa kupenda tu, bila mshahara. Alifunga antena juu ya paa la shule, akaweka mashine katika chumba cha maktaba, akaiunganisha na batri ya gari kwa ajili ya siku ambazo umeme haupo, yaani karibu siku zote. Kisha akachagua wanafunzi kumi, kila mmoja na swali lake moja. Aliwafundisha kwamba ukimaliza swali unasema "à vous", ili aliye juu ajue kuwa sasa ni zamu yake, maana katika redio ile watu wawili hawawezi kuongea kwa pamoja.

Nyumbani tulikula na kulala na "à vous" miezi miwili.

"Mama, nipatie chumvi, à vous."

"Chumvi iko mbele ya macho yako, kipofu, à vous."

Swali lake lilikuwa namba saba. Alilirudia mpaka hata mimi nikalishika: "Huko juu mnaona jua likichomoza mara kumi na sita kwa siku moja. Je, mnafuata saa ya nani?"

Hapa lazima nieleze habari ya saa, kwa sababu yote yalianzia hapo. Goma iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Redio ya taifa ikisema ni saa mbili, kwetu ni saa tatu. Barua ya wizara ikitaja saa ya mtihani, tunaongeza moja. Hatufikiri hata kidogo, mkono unaongeza wenyewe. Lakini karatasi ya chombo cha anga haikutoka Kinshasa. Iliandikwa "8 h 38 TU", maana yake saa mbili na dakika thelathini na nane kwa saa ya dunia, ile inayotumiwa na wenye ndege na wenye redio ili wa nchi mbalimbali wasipishane. Kutoka saa hiyo mpaka ya Goma unaongeza mbili. Chombo kingepita juu yetu saa nne na dakika thelathini na nane.

Mwalimu Julien alijua hilo. Lakini wiki ile alikuwa Bukavu kumzika shangazi yake, na boti za ziwani zikasimama. Vita vilikuwa vimefika Sake, mji wa jirani. Pale Katoyi tulisikia mabomu kama mtu anayeburuta kabati katika chumba cha pili. Simu zilikamata na kukatika. Karatasi ilibaki mikononi mwa prefe, mkuu wa shule, ambaye anaitwa Akonkwa.

Yaliyotokea maktabani nilisimuliwa na watu wawili: muzee Harelimana, mlinzi wa shule, aliyekuwa mlangoni, na Sylvie, msichana mwenye swali namba nane. Wanasimulia sawasawa.

Prefe aliwaita wanafunzi saa tatu. Kumi wote walikuja na mashati meupe yaliyopigwa pasi ya makaa. Aliwapanga kwa namba zao, akaanza kuwaeleza kwamba zimebaki dakika thelathini. Donat akainua mkono.

"Prefe, samahani. Bado kuko saa moja nzima juu ya hizo dakika."

"Saa moja ya nini?"

"Hii TU si saa ya Kinshasa. Tunaongeza mbili, si moja."

"Weye Donat, uko na miaka ngapi?"

"Kumi na nane, Prefe."

"Mimi niko nasoma karatasi za serikali mbele weye uzaliwe. Kama ningekuwa naongeza mbili, hawa bakubwa zako wangefanya mtihani siku gani? Noeli?"

Watu wakacheka. Sylvie anasema hata yeye alicheka, na kwamba hilo ndilo linalomrudia anapolala.

Saa tatu na dakika thelathini na nane prefe alishika maikrofoni mwenyewe. Aliita. Mashine ilijibu kwa mlio kama wa mvua juu ya mabati. Aliita tena kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba chombo kile ni kiziwi. Katikati ya kuita, bomu moja lilisikika karibu kuliko mengine, na mama mmoja akaingia akamshika binti yake mkono, akatoka naye bila kumsalimu mtu. Wazazi wengine wakaanza kuonekana getini. Prefe aliweka maikrofoni chini.

"Watu wa anga wametudanganya," alisema. "Ni kama miradi yote. Kila mutu aende kwao."

"Prefe, niache mimi nibakie," Donat akasema. "Saa moja tu. Kama hakuna kitu, mutanifukuza."

"Ili unipatishe haya mara mbili? Toka. Na nyinyi wote musikie: mutu atagusa hii mashine mbele ya Julien kurudi, asikanyage tena hapa."

Donat alitoka. Hakugusa mashine. Lakini ndani ya mfuko wake wa shule alikuwa na redio ndogo ya mkononi ambayo mwalimu Julien alimwachia ya kujifunzia, na antena yake ya mazoezi. Alichukua pikipiki ya Paulin, kijana wa mtaa wetu anayebeba abiria, wakaja Birere.

Siku ile nusu ya wauzaji walikuwa wameshafunga. Mimi nilibaki kwa sababu mteja mmoja, mama wa upande wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, alikuwa anageuzageuza kitenge changu kizuri kuliko vyote bila kuamua.

"Yaya, nipe saa yako," Donat akasema. Yaya ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu.

"Simu yako iko wapi?"

"Ilikufa jana. Umeme hakuna."

"Na hicho umebeba ni nini? Unaenda ziwani kuvua sambaza?"

Alicheka. Antena yake ilikuwa vipande vya mita ya fundi seremala, ile ya chuma ya rangi ya njano, vimefungwa kwa kamba juu ya bomba la plastiki. Ilipepea kidogo kila alipogeuka, na mama wa Gisenyi akarudi hatua moja nyuma.

"Naenda kilimani, kule juu kuko wazi. Kinapita saa ine na thelathini na nane. Yaya, njo twende wote. Dakika kumi tu. Nataka mutu mukubwa aangalie saa, aandike. Mi peke yangu Prefe hataniamini."

Nilimtazama mama wa Gisenyi. Alikuwa amefungua pochi.

"Niko na kazi, Donat. Enda, umuoneshe huyo prefe wako. Ila saa yangu irudi."

"Itarudi. À vous."

Sikumjibu, nilikuwa napima kitambaa. Pikipiki ikaondoka. Mama wa Gisenyi akasema atarudi kesho, akaondoka bila kununua.

Yaliyobaki ni ya Paulin. Alimfikisha juu, akabaki chini ya mteremko na pikipiki yake. Alimwona Donat akisimama mahali palipo wazi, akitazama saa, kisha akainua antena na kuanza kuigeuza polepole toka upande mmoja wa mbingu kwenda mwingine, redio ikiwa mdomoni, akiongea Kifaransa. Paulin anasema alifurahi mno. Aliruka mara moja kama mtoto aliyefunga goli.

Watu wa pale walikuwa wamesikia mabomu tangu alfajiri. Walimwona kijana wasiyemfahamu, ameelekeza chuma angani, anaongea na mtu asiyeonekana. Mwanamke mmoja akapiga kelele kwamba huyu ndiye anayewaonesha njia wanaotupa mabomu. Haikuchukua muda. Gari lisilo na namba lilipanda, wakashuka wanaume watatu wenye silaha. Wa upande gani, siwezi kuandika, kwa sababu sijui. Siku zile nguo za kijeshi zilivaliwa na wengi.

Paulin anasema walipomfikia, Donat aliinua kidole kimoja. Si kwa kiburi. Ni vile mtu anavyofanya akiwa kwenye simu, kuomba umngoje kidogo. Walimpiga kwenye ule mkono ulioinuliwa. Wakamtia garini pamoja na antena.

Paulin aliwafuata kwa mbali mpaka kwenye nyumba moja yenye geti la bluu. Kisha akaja kwangu, na mimi nikaacha meza yangu wazi.

Getini kijana mwenye bunduki aliniuliza nataka nini.

"Mutoto wetu mumemuleta hapa. Ni mwanafunzi. Alikuwa anaongea na chombo cha anga."

Alimgeukia mwenzake. "Njo usikie. Huyu mama anasema mupelelezi wake anaongea na mbinguni."

"Na malaika walimujibu nini?" mwenzake akauliza.

Niliendelea kusimama. Baada ya muda akatoka mkubwa wao, mtu wa makamo, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala siku nyingi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nakiri kwamba alinisikiliza.

"Mama," akasema, "mi sijui mambo ya anga. Leta karatasi ya shule. Ya leo, na muhuri. Iseme hii antena ni ya masomo, na huyu kijana leo alikuwa kwenye kazi ya shule. Ulete mbele ya giza. Kesho sijui kama tuko hapa."

Kilikuwa kitu chepesi hivyo. Mistari miwili na muhuri.

Nilimkuta prefe uani mwa shule, anafunga godoro juu ya gari la jirani yake. Muzee Harelimana alimshikia kamba. Nilieleza yote kwa pumzi moja. Prefe aliendelea kuvuta kamba.

"Sekretere amekimbia," akasema. "Yeye ndiye yuko na muhuri."

"Prefe, muhuri uko ndani ya mfuko wako. Nauona."

Kweli, mfuko wake wa ngozi ulikuwa wazi, na kile kishikio cha mbao kimejitokeza. Wakuu wa shule wa hapa hawaachi muhuri ofisini wakati wa vita. Aliufunga mfuko.

"Sikia, Mama Apolline. Niliachilia wanafunzi saa tatu na dakika hamsini. Ya saa ine si ya shule."

"Alikuwa na redio ya mwalimu wenu. Swali ni lenu. Ni namba saba kwenye liste yako."

"Na wakiniuliza nani aliweka antena juu ya paa? Nikiandika hiyo karatasi, kesho mimi ndiye niko ndani, na hii shule inakuwa nyumba ya wapelelezi. Niko na watoto sita."

"Basi andika tu kwamba alikuwa anafuata saa ya ile karatasi."

"Saa gani?" Hapo ndipo alipokasirika. "Hakuwa na saa yoyote! Chombo hakikupita. Watu wote walikuwa pale, hakikupita."

Muzee Harelimana akaachilia kamba. "Prefe," akasema, "mashine iliongea."

"Nini?"

"Nyuma ya watu kwenda. Nilikuwa nafagia maktaba. Mutu aliita Goma, Goma, mara nyingi. Mi sikujua mahali pa kubonyeza, na mulisema tusiguse. Kisha akasema Donat."

"Muzee, umekunywa."

"Mi ni Musabato, Prefe."

Prefe alimtazama, akanitazama mimi, na niliona wazi kwamba ameamini. Hilo ndilo ambalo sijaweza kulisamehe. Kama angekuwa hajui, ningesema ni woga tu, na woga siku ile tulikuwa nao wote. Alijua. Alipanda garini na mfuko wake mapajani.

Nilirudi kwenye geti la bluu na vitu nilivyoweza kupata nyumbani: kadi yake ya mwanafunzi, na ripoti ya mwaka uliopita yenye muhuri wa mwezi wa sita. Fizikia alikuwa wa kwanza. Yule mkubwa aliisoma yote, hata maoni ya walimu.

"Hii ni ya zamani, mama. Nilisema ya leo."

Ijumaa hawakunifungulia. Jumamosi hawakunifungulia. Jumapili ilikuwa risasi mji mzima, tulilala chini ya kitanda, mama yangu na mimi. Baba yetu, Josias, anafanya biashara ya maharagwe, na barabara ilikuwa imefungwa akiwa Butembo. Nilipofika tena kwenye ile nyumba, geti la bluu lilikuwa wazi na hakuna mtu ndani. Kulikuwa na makaratasi uani, na sandali moja isiyo yake. Kwenye kona niliona vipande vya mita ya fundi, vya njano, vimekunjwa. Nilivichukua. Viko chini ya godoro langu.

Tangu siku hiyo nimeuliza kila mahali ambapo mtu anaweza kuuliza. Wenye silaha waliopo sasa wanasema waulize waliokuwepo siku ile, na waliokuwepo hawapo. Nimeingia vyumba vya maiti na kutoka, nikiwa nimefunga kitambaa puani, nikitafuta saa yangu kwenye mikono ya watu. Nilikwenda mpaka Kanyaruchinya, kwenye kambi ya wakimbizi ambayo watu walikuwa wameshaondolewa, kwa sababu mtu alisema ameona kijana anayefanana naye. Kulikuwa na mawe meusi na vijiti vya mahema tu. Jamaa zetu wanauliza tutaweka kilio lini. Mama anawajibu neno moja: "Siweki kilio cha mutoto sijaosha mwili wake."

Boti zilipoanza tena, mwalimu Julien alirudi. Alikuja nyumbani kabla hajaenda kwake, mzigo ungali begani. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mama akamletea chai. Kisha akatoa simu yake.

Mtu mmoja wa redio huko Bujumbura, rafiki yake wa hewani ambaye hawajawahi kuonana, alikuwa anasikiliza siku ile. Chombo kikipita, watu wote walio chini yake kwa mbali sana wanaweza kukisikia. Alikuwa amerekodi.

"Sauti ya Donat haimo," mwalimu alinitayarisha. "Inasikika ya juu tu. Ya chini haifiki Bujumbura."

Tulisikiliza watatu. Kwanza mlio ule kama wa mvua. Kisha sauti, karibu kabisa, ya mtu mtulivu anayeongea Kifaransa cha kujifunza. Naandika kwa Kiswahili alivyosema.

"Goma, Goma, mnanisikia? À vous."

Aliita hivyo mara tano. Kati ya kila mara alingoja.

"Ndiyo, nakusikia! Ni mbali, lakini nakusikia. Jina lako ni nani? À vous."

Kimya. Hapo ndipo Donat alipokuwa anasema jina lake. Mama alisogeza sikio kwenye simu.

"Habari za asubuhi, Donat. Uko peke yako? Niliambiwa ni watu kumi." Akacheka kidogo. "Basi, uliza. À vous."

Kimya kirefu zaidi. Urefu wake ulikuwa urefu wa swali lile lile. Nilijikuta nalisema moyoni neno kwa neno, na likaisha pale pale sauti iliporudi.

"Saa ya nani! Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Tunafuata saa ya dunia. Kwangu sasa ni saa mbili na dakika arobaini na mbili. Kwako, kama hesabu yangu ni nzuri, ni saa nne na dakika arobaini na mbili. Tazama saa yako uniambie kama nimekosea. À vous."

Kimya.

"Donat, saa yako inasema ngapi? À vous."

Kimya.

"Donat?"

Aliita mara tatu tena. Sauti ilipungua kila mara, halafu ikabaki mvua peke yake.

Mama alisimama, akatoka nje kuchambua maharagwe ambayo alikuwa ameshayachambua.

Mwalimu Julien alipeleka habari kwa wale walioandaa mazungumzo. Alifikiri watasaidia kutafuta. Waliandika barua nzuri ya pole. Na kwa kuwa mwanafunzi wa shule alikuwa ameongea na chombo siku iliyopangwa na saa iliyopangwa, walituma pia cheti. Prefe alikiweka kwenye fremu ya kioo. Kipo ofisini kwake, juu ya kiti chake. Mgeni akiingia anaoneshwa. Kinasema shule ile imefanikiwa kuongea na anga. Jina la Donat halimo, vyeti vile huandikwa jina la shule tu.

Mwezi uliofuata nilikwenda kwa watu wanaoandika majina ya waliopotea. Wako na meza, na foleni ndefu. Dada aliyenipokea alichukua kila kitu kwa makini, akasema wataanza na shule. Niliporudi alikuwa na sura nyingine.

"Mama, shule inasema aliacha mwenyewe."

Prefe alikuwa amewapa nakala ya rejista ya darasa. Donat ni namba kumi na nne. Mbele ya jina lake, kuanzia Alhamisi ile, kwa wino mwekundu: ABANDON. Ni neno wanaloandikiwa wanaoacha masomo kwa hiari yao, wasichana wanaoolewa, vijana wanaokwenda machimboni.

"Sisi tunatafuta waliochukuliwa," yule dada alisema. "Aliyeondoka mwenyewe, siwezi kumufungulia dosye ya kumutafuta. Leta karatasi ya shule inayosema tofauti."

Karatasi ya shule, kwa mara ya pili.

Nilikwenda Alhamisi. Prefe alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. Cheti kilikuwa juu ya kichwa chake.

"Prefe, huyu mwanafunzi aliyeongea na anga ni nani?"

"Ni wa shule yetu."

"Jina lake?"

"Mama Apolline, tafadhali."

"Nauliza tu. Saa ine na dakika arobaini na mbili alikuwa mwanafunzi wenu ao hakuwa? Kama alikuwa wenu, niandikie mistari yangu miwili. Kama aliacha shule, basi hakuna mwanafunzi aliyeongea na mutu. Shusha hiyo fremu."

Alipangusa meza kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi.

"Hiyo karatasi itakusaidia nini sasa? Wale watu hawako tena. Hata ile nyumba wamepaka rangi ingine."

"Itasahihisha rejista."

"Rejista haifutwi. Ni sheria, si mimi."

"Na fremu?"

"Ukuta ni wa shule, mama. Nisiharibu furaha ya watoto wote kwa sababu ya mumoja."

Nilimwambia nitangoja nje mpaka abadili mawazo. Alifikiri ni maneno ya hasira.

Sasa kila Alhamisi nafunga meza yangu saa tatu. Paulin ananipeleka mpaka Katoyi na hataki nauli. Nakaa kwenye benchi mbele ya ofisi ya prefe mpaka saa nne na dakika arobaini na nane, wakati ambao chombo kingekuwa kimemaliza kupita, halafu narudi Birere. Muzee Harelimana ananiletea maji katika kikombe cha bati. Siku ya Alhamisi prefe anaingilia mlango wa nyuma.